Jina la Injini ya Helikopta: Nguvu Inakwenda Wapi?

1. Utangulizi

Miongoni mwa fani zinazowatatiza wafasiri wa Kiswahili, usafiri wa anga hauko nyuma. Vitu vyake ni vingi, vinabadilika upesi, na vingi kati ya hivyo vimefichika ndani ya mabati ambayo mtu wa kawaida hayafungui. Katika makala haya tunakusudia kuchambua kitu kimoja tu, nacho ni injini inayoendesha helikopta nyingi za leo, za kiraia na za kijeshi. Tutaeleza kwanza jinsi injini hiyo inavyofanya kazi, kisha tutayapima majina inayopewa, na mwishoni tutapendekeza istilahi chache pamoja na fasili zake.

Neno helikopta lenyewe halitusumbui. Lilibuniwa Ufaransa mwaka 1861 na Gustave de Ponton d'Amécourt kwa kuunga maneno mawili ya Kiyunani, moja la kitu kilichojiviringa kama parafujo na jingine la bawa. Mswahili amelipokea zima zima, wala hajali kwamba limeungwa. Hasara haipo, kwa sababu helikopta inaonekana. Mtoto akisikia mngurumo hutoka nje, akaiona angani, na jina likashikamana na kitu. Injini yake haina bahati hiyo. Imefunikwa, na anayesoma habari zake hana cha kutegemea ila neno alilopewa na mfasiri. Neno likipotoka, na fikra ya msomaji hupotoka pamoja nalo.

Katika tafsiri mbalimbali tulizopata kuzipitia, injini hii huitwa injini ya jeti, au injini ya rafadha, au injini ya helikopta basi. Jina la kwanza si la kweli. La pili ni la jamaa yake, si lake. La tatu ni la kweli lakini halifundishi kitu, maana zipo helikopta nyingi ndogo zinazoendeshwa na injini ya pistoni kama ya gari. Wanaoumia kwa majina haya ni wengi: mwalimu wa chuo cha ufundi, ofisa wa forodha, mtu wa ugavi anayeandika zabuni, na hasa yule anayefasiri mwongozo wa matengenezo au ripoti ya ajali. Kwa huyu wa mwisho, neno lisilo wazi laweza kugharimu maisha.

2. Kitu chenyewe

Hebu tuifuate hewa inavyopita ndani ya injini. Hewa huvutwa kwa mbele na kuingia katika kompresa, ambayo huigandamiza hadi ikawa nzito na moto. Hewa hiyo huingia katika chumba cha mwako, ambamo mafuta ya ndege, yaliyo jamaa ya mafuta ya taa, hupulizwa na kuwaka mfululizo. Hapa ipo tofauti ya kwanza na injini ya gari: katika injini ya pistoni mafuta huwaka kwa vipindi, mpigo baada ya mpigo, katika injini hii moto ukishawashwa hauzimiki hadi injini izimwe.

Gesi moto inayotoka katika chumba cha mwako hutafuta njia ya kutanuka. Njiani hukutana na gurudumu lenye mapezi mengi madogo, ikayasukuma, na gurudumu likazunguka kwa kasi kubwa mno. Gurudumu hilo ndilo tabaini. Kazi ya tabaini ya kwanza ni kuizungusha kompresa iliyo mbele, nayo hula zaidi ya nusu ya nguvu yote iliyomo katika gesi. Swali la makala haya linaanzia hapo: ile nguvu inayobaki inakwenda wapi?

Katika injini ya jeti, gesi iliyobaki huachiwa itoke nyuma kwa kasi, na kutoka kwake huko ndiko kunakoisukuma ndege mbele. Katika injini ya helikopta mambo ni kinyume. Gesi iliyobaki hukutanishwa na tabaini nyingine, nayo huinyang'anya karibu nguvu yote kabla haijafika kwenye ekzosi. Inayotoka nje ni hewa moto iliyochoka, isiyo na msukumo wa maana. Nguvu iliyonyang'anywa hupita katika shafti, shafti huingia katika giaboksi, na giaboksi hupunguza mzunguko na kuupeleka katika rota, yaani kile kitovu chenye panga ndefu zinazoiinua helikopta.

Kwa hiyo anayeiita injini hii ya jeti anamwambia msomaji kwamba helikopta inasukumwa na gesi itokayo nyuma. Hilo si kosa la tahajia. Ni kosa la elimu.

3. Sababu ya kubuniwa

Helikopta za miaka ya 1940 ziliruka kwa injini za pistoni, nazo ziliruka kwa taabu. Ndege yenye mabawa hupata msaada wa hewa inapokwenda mbele, bali helikopta inaponing'inia mahali pamoja haina msaada mwingine ila nguvu ya injini yake. Kila kilo ya injini ni kilo ya abiria, ya mgonjwa au ya dawa isiyobebeka.

Mnamo Desemba 1951, helikopta ya Kaman K-225 iliruka Marekani ikiendeshwa na injini ya tabaini, nayo ikawa ya kwanza duniani kufanya hivyo. Huko Ufaransa, kampuni ya Turbomeca, iliyoanzishwa na Joseph Szydlowski mwaka 1938 na ambayo tangu 2016 huitwa Safran Helicopter Engines, ilikuwa imeunda injini ndogo iliyoitwa Artouste. Injini hiyo ilifungwa katika helikopta ya Alouette II, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 12 Machi 1955. Nchini Marekani injini ya Lycoming T53 ilibuniwa chini ya uongozi wa Anselm Franz, mhandisi aliyekuwa ameunda injini ya jeti ya Jumo 004 huko Ujerumani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Injini hiyo ya T53 ndiyo iliyoendesha helikopta za Bell UH-1 zilizojulikana sana katika vita vya Vietnam.

Thamani ya injini mpya ilionekana mapema milimani. Mwishoni mwa Desemba 1956 vijana wawili, Jean Vincendon na François Henry, walikwama katika theluji ya Mont Blanc. Helikopta kubwa ya Sikorsky S-58, yenye injini ya pistoni, ilipelekwa kuwaokoa, nayo ikaanguka karibu nao. Hatusemi kwamba injini peke yake ndiyo iliyoiangusha, kwa maana theluji na hewa ya mlimani vilikuwa na sehemu yao. Lakini siku za mwanzo za Januari 1957 helikopta ndogo za Alouette II ndizo zilizopanda huko juu na kuwateremsha waokoaji pamoja na marubani walioanguka. Vijana wale wawili hawakuokolewa. Miaka iliyofuata, uokoaji wa milimani ulizidi kutegemea helikopta za injini ya tabaini.

Tofauti ya uzito inaeleza mengi. Injini ya pistoni ya S-58, aina ya Wright R-1820, ilitoa nguvu-farasi 1,525 na ilikuwa na uzito uliozidi kilo 500. Injini ya General Electric T700, iliyoanza kutumika katika helikopta za Black Hawk za Jeshi la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, hutoa nguvu-farasi zaidi ya 1,500 kwa uzito wa kilo 200 hivi. Nguvu ni ile ile. Uzito umepungua kwa zaidi ya nusu.

4. Tabaini moja au mbili?

Hapa tunawaomba wafasiri wawe waangalifu, kwa kuwa ndipo fasili nyingi zinapoanguka. Katika sehemu ya pili tumeeleza injini yenye tabaini mbili zisizofungamana: ya kwanza huzungusha kompresa, ya pili huzungusha shafti iendayo kwenye rota. Baina yao hakuna chuma kinachoziunganisha; kinachopita ni gesi tu. Ndiyo maana ile ya pili huitwa tabaini huru. Injini nyingi za helikopta za leo zimeundwa hivyo, na msomaji aweza kushawishika kuifanya sifa hiyo kuwa fasili.

Akifanya hivyo atakuwa ameitoa Artouste nje ya mlango. Injini hiyo ina shafti moja tu: kompresa, tabaini na njia ya kupeleka nguvu kwenye rota vyote vimo katika shafti hiyo moja, inayozunguka kwa mwendo usiobadilika wa mizunguko 33,500 kwa dakika. Rubani akitaka nguvu zaidi, mwendo haupandi. Kinachoongezeka ni mafuta na joto. Na hakuna mjuzi anayeikana Artouste kwamba si injini ya jamii hii, kwani ndiyo iliyoitangulia jamii yenyewe katika utumishi.

Fundisho kwa watunga istilahi ni hili: fasili itaje kile ambacho wanajamii wote wanacho, nacho hapa ni kwamba nguvu hutolewa kwa shafti. Tabaini huru ni sifa ya tawi moja. Mfano wetu wa kila siku ni nyumba. Nyumba nyingi mjini zina mabati, lakini anayefasili nyumba kuwa ni jengo la mabati amezifuta nyumba za makuti.

Tofauti ya matawi hayo mawili haina budi kuonekana katika tafsiri, maana vipimo vyake hutofautiana. Katika T700 tabaini inayozungusha kompresa hufikia mizunguko 44,700 kwa dakika, tabaini huru 20,900, na rota ya Black Hawk 258 tu. Yaani baina ya tabaini huru na rota, gia hupunguza mzunguko mara 81. Sasa tuchukue sentensi ya mwongozo iliyofasiriwa hivi: "Hakikisha mzunguko wa tabaini hauzidi asilimia mia moja." Tabaini ipi? Zipo mbili, kila moja na saa yake mbele ya rubani. Shafti ya rota ikikatika, tabaini huru hubaki haina mzigo na yaweza kuruka mpaka, hali ile ya kompresa inaonyesha mwendo wa kawaida. Fundi aliyeelekezwa kutazama tabaini tu anaweza kutazama saa iliyo salama.

5. Kuyapima majina

Tukianza na tabaini, wapo waliotumia neno rafadha. Rafadha katika Kiswahili ni kile chombo chenye panga kinachozunguka nyuma ya meli au mbele ya ndege. Kwa mbali vitu hivi viwili vyafanana, kwa kuwa vyote vina panga na vyote vyazunguka. Lakini kazi zao ni kinyume: rafadha husukuma maji au hewa, tabaini husukumwa na maji, mvuke au gesi. Kuviita kwa jina moja ni kama kumwita mpanda farasi na farasi jina moja. Tunashauri rafadha ibaki na kazi yake ya kale, na tabaini itoholewe kama ilivyo. Yafaa pia kwa mitambo ya umeme wa maji na wa mvuke, hivyo mwalimu wa fizikia na mwalimu wa ufundi wa ndege watasema lugha moja.

Kuhusu shafti, wapo wanaopendelea mhimili kwa kuwa ni neno lililokwisha kuzoeleka katika maandishi. Tunaliheshimu, lakini limekwisha kubebeshwa mizigo mingi. Mwalimu wa jiografia anao mhimili wa dunia, ambao ni mstari wa kufikirika. Mwashi anao mhimili wa paa. Mwanasheria anayo mihimili mitatu ya dola. Kwa upande wa pili, ukiingia katika gereji yoyote utasikia mafundi wakisema shafti, wala hawana shaka wanamaanisha nini: chuma cha mviringo kinachozunguka na kupeleka nguvu kutoka mahali hadi mahali. Fundi amekwisha kutufanyia kazi. Haitupasi kumpokonya neno lake ili tumpe lenye utata.

Tukiyaunga, tunapata tabaini-shafti. Kanuni ya Kiswahili katika maneno ya namna hii ni kwamba la kwanza ndilo kichwa na la pili ni la kulieleza. Garimoshi ni gari, si moshi. Batamzinga ni bata, si mzinga. Basi tabaini-shafti ni tabaini, tena ni ile ya kuzungusha shafti. Faida yake huonekana zaidi tunapowapanga ndugu zake. Tabaini-jeti ni ile ambayo nguvu yake hutoka nje kwa jeti ya gesi. Tabaini-feni ni ile ambayo nguvu yake nyingi huzungusha feni kubwa iliyo mbele, kama tunavyoziona katika ndege za abiria. Tabaini-rafadha ni ile ambayo nguvu yake huzungusha rafadha ya ndege. Mwanafunzi atazame sehemu ya pili ya neno, naye atajibiwa lile swali letu: nguvu inakwenda wapi?

Lugha nyingine hazikufuata njia moja. Wafaransa huiita turbomoteur, jina lisilotaja shafti kabisa, hali Warusi na Waingereza wanaitaja. Hatuna haja ya kumfuata yeyote kwa kuwa ametangulia; tumechagua kuitaja kwa sababu inamsaidia msomaji wetu.

Limebaki tatizo la ile sehemu ya injini inayojumuisha kompresa, chumba cha mwako na tabaini ya kompresa, ambayo kazi yake ni kutengeneza gesi moto. Tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa jenereta ya gesi. Tunaikataa. Msomaji wa leo, ambaye kwake jenereta ni mashine ya umeme na gesi ni ya kupikia au ya mitambo ya umeme, atadhani ni jenereta inayotumia gesi. Mwingine aweza kushauri kifuagesi, kwa kufuata usemi wa kufua umeme, lakini jicho litaona kifua kabla halijaona kufua. Tunapendekeza kizalishagesi.

Mwisho, ile tabaini ya pili. Wengi wangeiita tabaini ya nguvu. Neno nguvu hapa halitenganishi, kwa kuwa tabaini zote mbili zina nguvu, na ile ya kompresa ndiyo inayochukua fungu kubwa zaidi. Kinachozitenganisha ni zinachozungusha. Basi ya kwanza na iitwe tabaini ya kompresa, na ya pili tabaini ya kazi, yaani ile inayofanya kazi ya nje ambayo injini ilinunuliwa kuifanya. Sifa ya huru ibaki kueleza muundo, si kuwa jina la pili la kitu kile kile ndani ya mwongozo mmoja.

6. Msukumo, nguvu na karatasi za serikali

Watumishi wa serikali wasidhani kwamba mjadala huu ni wa wahandisi peke yao. Tabaini-jeti na tabaini-feni hupimwa kwa msukumo, na kipimo chake ni nyutoni. Tabaini-shafti na tabaini-rafadha hupimwa kwa nguvu, yaani kiasi cha kazi kinachofanyika kwa kila sekunde, na kipimo chake ni kilowati au nguvu-farasi. Zabuni inayoomba injini ya helikopta yenye msukumo wa kiasi fulani haiwezi kujibiwa, kama vile dukani huwezi kuomba lita mbili za kitambaa.

Orodha ya kimataifa ya bidhaa za forodha, ambayo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo huitumia, imelizingatia jambo hili. Katika kichwa namba 8411 injini za jeti zimegawanywa kwa msukumo, mpaka ukiwa kilonyutoni 25. Za rafadha zimegawanywa kwa nguvu, mpaka ukiwa kilowati 1,100. Na tabaini nyingine za gesi nazo zimegawanywa kwa kilowati. Ofisa aliyeandikiwa "injini ya jeti" katika hati ya helikopta amepelekwa kwenye mstari usio wake kabla hajaifungua sanduku.

Tunaonya pia dhidi ya kubuni majina mawili, moja la raia na moja la askari. Injini ya Allison 250 iliendesha helikopta za Bell 206 za kukodi, na kwa jina la T63 ikaendesha helikopta za upelelezi za Jeshi la Marekani. T700 ina pacha wake wa kiraia aitwaye CT7. Kinachobadilika ni namba na masharti ya kibali. Kitu ni kile kile, na kiwe na jina lile lile, tangu injini ndogo hadi ile ya D-136, ambayo helikopta ya Mi-26 hubeba mbili, kila moja ikitoa zaidi ya nguvu-farasi 11,000.

7. Istilahi mbili za juu milimani

Kuna istilahi mbili ambazo hufasiriwa vibaya mara kwa mara, nazo zaelezeka vizuri kwa mfano wa helikopta moja, SA 315B Lama. Helikopta hiyo iliundwa Ufaransa ili kutimiza mahitaji ya jeshi la India katika milima ya Himalaya, ikapewa injini ya Artouste IIIB.

Injini hiyo iliweza kutoa nguvu-farasi 870, lakini iliwekewa mpaka wa 550 tu. Wapo wanaofasiri hali hiyo kuwa ni injini iliyopunguzwa uwezo au hata iliyodhoofika, na msomaji akadhani ni mbovu. Ukweli ni kinyume. Kadiri tunavyopanda, hewa huwa nyepesi na injini hupungukiwa. Kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya Dar es Salaam. Injini iliyobanwa chini huwa na akiba: inapopanda hupoteza kwanza ile nguvu isiyotumika, na rubani huendelea kupata zile 550 zake hadi juu sana. Tunapendekeza nguvu iliyobanwa. Kilichobanwa hakikupotea.

Istilahi ya pili inahusu injini kuzimika angani. Tarehe 21 Juni 1972, rubani Jean Boulet aliipandisha Lama hadi mita 12,442, akaweka rekodi ya dunia. Huko juu moto katika chumba cha mwako ulizimika, na haukuwaka tena. Boulet aliteremka safari yote bila injini, akatua salama. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu rota huunganishwa na injini kwa klachi ya upande mmoja, mfano wa gurudumu la nyuma la baiskeli ambalo huendelea kuzunguka hata mwendeshaji akiacha kupiga pedeli. Injini ikisimama, rota hujitenga nayo, na hewa inayopanda kutoka chini huziendesha panga helikopta inapoteremka. Kufasiri hali hii kuwa ni helikopta kuanguka, kama tulivyowahi kuona, ni kumtangaza rubani hodari kuwa marehemu. Tunapendekeza mteremko wa rota huru. Neno huru lina maana ile ile kama katika tabaini huru: kitu kisichofungwa na kingine.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Tabaini: gurudumu lenye mapezi linalozungushwa na maji, mvuke, upepo au gesi ili kutoa nguvu.

Tabaini-shafti: injini ya tabaini ya gesi ambayo nguvu yake yote ya kazi, au karibu yote, hutolewa kwa shafti, wala si kwa msukumo wa gesi.

Kizalishagesi: sehemu ya injini yenye kompresa, chumba cha mwako na tabaini ya kompresa.

Tabaini ya kompresa: tabaini inayozungusha kompresa.

Tabaini ya kazi: tabaini inayozungusha shafti ya kutolea nguvu. Isipofungamana na tabaini ya kompresa husemwa kuwa ni tabaini huru.

Tabaini-shafti ya shafti moja: ile ambayo kompresa na njia ya kutolea nguvu huzungushwa na shafti ile ile.

Nguvu iliyobanwa: mpaka wa nguvu uliowekwa kwa makusudi chini ya uwezo wa injini.

Kuzimika kwa mwako: kukoma kwa moto katika chumba cha mwako bila kukusudiwa.

Mteremko wa rota huru: kushuka kwa helikopta ambako rota huzungushwa na hewa, si na injini.

9. Tamati

Mwaka 2020 helikopta zilitumika nchini Kenya katika vita dhidi ya nzige wa jangwani, na katika Kilimanjaro wapandaji walioshikwa na ugonjwa wa mlima huteremshwa kwa helikopta. Vyombo hivi si vya kusoma habari zake tu tena. Vimo mikononi mwa mafundi, marubani na maofisa ambao wengi wao huzungumza Kiswahili kazini, kisha hulazimika kukiacha wanapofungua kitabu. Wakipewa maneno yanayoeleza kitu, hawatakuwa na sababu ya kukiacha.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Tunawaomba walimu wazijaribu darasani, wafasiri wazijaribu katika sentensi ndefu za miongozo, na mafundi watuambie bila haya kama wao wana neno bora kuliko haya tuliyoyataja. Jaribio liwe lile lile tuliloanza nalo: anayelisikia neno kwa mara ya kwanza, na hajaiona injini, aweze kusema nguvu inakwenda wapi.